Kijiji, Simu na Kompyuta: Mambo ya Kujifunza kutoka Asia ya Kusini

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kompyuta na simu katika maendeleo ya kijiji. Ombi hili halikutoka ofisini kwetu, limetoka kwenu. Tangu mwaka uanze tumekuwa tukiulizwa swali lile lile: kikundi kimeweka akiba, sasa wengine wanasema tununue kompyuta tufungue kituo cha habari, na wengine wanasema hapana, tununue tangi la maji. Katika kikundi kimoja cha akina mama mabishano yalikuwa makali hata mweka hazina akakataa kutoa kitabu cha benki mpaka watu watulie. Hatumlaumu. Pesa zile ni za miaka minne ya mzunguko, na zikishatoka hazirudi.

Basi hatukuja kuwaambia nunueni au msinunue. Tumeona afadhali tuwaeleze habari za wenzetu waliolijaribu jambo hili mapema, tena katika vijiji vyenye shida kama zetu na pengine kutushinda. Hao ni watu wa India, Bangladesh na Sri Lanka. Kule, tangu miaka ya tisini, karibu kila njia ilijaribiwa: kompyuta, simu, redio, vipaza sauti. Mingine kati ya miradi hiyo ilisimama, mingine ilikufa. Ile iliyokufa mara nyingi haikufa kwa sababu ya mashine mbovu.

Tuanze na Pondicherry, ambayo tangu 2006 inaitwa Puducherry. Ni eneo dogo la kusini mashariki mwa India, kando ya Ghuba ya Bengal. Mnamo Januari 1998 taasisi ya utafiti ya M. S. Swaminathan, yenye makao yake katika mji wa Chennai, ilianza mradi wa vituo vya habari vijijini kwa msaada wa shirika la utafiti wa maendeleo la Canada. Swaminathan mwenyewe ni yule bwana wa mbegu za ngano na mpunga, aliyefariki 2023. Watu wake hawakufika kijijini na lori la kompyuta. Walianza kwa kuuliza. Waliwauliza wanakijiji: wewe ukitaka kujua bei, ukitaka kujua dawa ya mdudu, ukitaka kujua kama kuna kazi, unamwuliza nani? Watu wakajibu kwamba wanamwuliza mwenye duka, wanauliza sokoni, wanamwuliza jirani. Hapo ndipo taasisi ikajua habari zinapita njia gani, na ni nani zinamruka.

Halafu wakaweka masharti. Kijiji kinachotaka kituo kitoe chumba, na kitoe watu wa kujitolea watakaokaa pale. Taasisi italeta mashine na mafunzo. Na sharti lililokuwa gumu kuliko yote: mlango uwe wazi kwa kila mtu, pamoja na Wadalit. Kwa wale ambao hawajasikia, Dalit ni mtu wa tabaka ambalo kwa desturi ya kule lilihesabiwa kuwa najisi. Kwa desturi hiyo hakuchota maji kisima kimoja na wengine, na katika mahekalu mengi hakuruhusiwa kuingia. Sasa katika kijiji kiitwacho Embalam, chumba kilichotolewa kilikuwa katika majengo ya hekalu la kijiji, na waliokiendesha kituo walikuwa akina mama. Hebu fikirini uzito wake. Ukitaka kujua bei ya mpunga, unapita penye ua wa hekalu, na anayekuhudumia ni mama wa kikundi.

Mashine zenyewe hazikuwa za ajabu. Umeme ulikuwa wa kukatikakatika, kwa hiyo wakaweka paneli za sola. Laini za simu zilikuwa mbovu, kwa hiyo vijiji vikaunganishwa kwa redio za mawasiliano, zile za kusema na kujibiwa kama za polisi. Kituo kikuu kilikuwa mahali panapoitwa Villianur. Pale ndipo habari zilikusanywa, zikatafsiriwa kwa Kitamil, kisha zikapelekwa vijijini: bei za mazao na pembejeo, siku za daktari, ratiba za basi, na misaada ya serikali ambayo familia maskini zina haki ya kuipata bali hazikuambiwa. Baadaye wakatoa pia gazeti dogo la Kitamil liitwalo Namma Ooru Seithi, maana yake Habari za Kijiji Chetu. Tunalitaja kwa sababu watu wengi hudhani kompyuta ikifika karatasi inakwisha kazi. Kule kompyuta ndiyo iliyozaa karatasi.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni wa Veerampattinam, kijiji cha wavuvi katika eneo hilo hilo. Mvuvi haulizi bei ya mpunga. Anauliza: kesho bahari itakuwaje? Jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa likitoa kwenye intaneti makisio ya urefu wa mawimbi katika Ghuba ya Bengal, bila shaka kwa ajili ya meli zake lenyewe. Watu wa kituo kikuu wakayachukua kila siku, wakayaweka katika Kitamil cha kawaida, wakayapeleka Veerampattinam, na pale yakasomwa kwa vipaza sauti vilivyoelekea ufukweni. Mvuvi hakuhitaji kujua kusoma. Hakuhitaji kugusa kompyuta hata siku moja. Alisimama mlangoni pake, akasikia, akaamua kama atasukuma mashua au atashona nyavu.

Tunawaomba mshike hapo kidogo. Habari ilisafiri maelfu ya maili kwa mashine ghali, lakini hatua zile mia mbili za mwisho, kutoka kituoni hadi mlangoni kwa mvuvi, zilitembezwa na mtu na kipaza sauti. Kama hatua hizo mia mbili zisingekuwapo, safari yote ingekuwa bure.

Na jambo hili lilipimwa siku ambayo hakuna aliyeipangia. Tarehe 26 Desemba 2004 ilitokea tsunami, ile iliyoua watu zaidi ya 200,000 katika nchi za Bahari ya Hindi, na ikafika hata pwani yetu ya Kenya. Huko huko Pondicherry kuna kijiji kingine cha wavuvi, Nallavadu, chenye watu zaidi ya 3,000. Nacho kilikuwa na kituo. Kijana wa kijiji hicho alikuwa akifanya kazi Singapore. Alipopata habari za mawimbi yale, akapiga simu nyumbani. Waliopokea wakakimbilia kituoni, wakavunja mlango, wakawasha kipaza sauti na kuwaambia watu wakimbie bahari. Nyumba nyingi zilivunjika na mashua nyingi zikapotea. Watu waliokoka.

Angalieni vizuri kilichowaokoa. Simu moja ya kawaida, kipaza sauti, na watu waliokuwa wamezoea kwa miaka kadhaa kwamba sauti ile inasema kweli. Hicho cha tatu hakiuzwi dukani. Kama kipaza sauti kile kingekuwa cha kutangazia siasa tu, sijui nani angeondoka kitandani Jumapili asubuhi kwa kukisikia.

Haya, twende Bangladesh. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nchi ile ilikuwa na simu moja hivi kwa kila watu 500, na nyingi zilikuwa mijini. Mwaka 1997 kampuni ya simu ya Grameenphone ilianza kazi, na pamoja nayo mpango wa simu za vijiji. Benki ya Grameen, ile ya mikopo midogo ya Profesa Muhammad Yunus, ilimkopesha mama wa kikundi pesa za kununua simu ya mkono. Mama yule akawauzia wanakijiji wenzake dakika za kuzungumza, akalipa mkopo kidogo kidogo, na kilichobaki kikawa chake. Wengi wa waliokuja walitaka kuzungumza na waume na wana wao waliokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba: pesa umetuma lini, zimetumwa kwa nani, zilikuwa ngapi. Zamani jibu la swali kama hilo lilikuwa safari ya siku nzima hadi mjini.

Faida ilikuwa kubwa kuliko pesa. Katika kijiji ambacho mwanamke alitarajiwa kukaa ndani, wazee wenye mashamba walibidi waje uani kwa mama maskini kuomba simu. Kufikia katikati ya miaka ya elfu mbili akina mama wa simu walikuwa zaidi ya 200,000. Sifa zikaenea dunia nzima.

Halafu? Halafu simu zikawa rahisi. Kila nyumba ikanunua yake, na uani kwa mama pakawa patupu. Mapato yakashuka sana. Hatusemi mpango ulikosea, la hasha. Ulifanya kazi yake kwa miaka yake. Lakini aliyekopa mapema alivuna, na aliyekopa mwishoni alikuta shamba limeshavunwa. Kwa hiyo yeyote anayewashawishi mfungue kibanda cha kutoa huduma fulani ya simu au kompyuta, mwulizeni: huduma hii itakuwa mkononi mwa kila mtu baada ya miaka mingapi? Na mkopo wetu utakuwa umekwisha kulipwa?

Sasa kuna habari ya Kerala, kusini magharibi mwa India, ambayo hutajwa sana katika semina, na mara nyingi hutajwa nusu. Nusu ya kwanza ni hii. Wavuvi wa samaki aina ya sadini walikuwa wakirudi ufukweni kwao bila kujua soko la jirani likoje. Mtafiti mmoja, Robert Jensen, ameandika kwamba asubuhi moja ya Januari 1997 wavuvi 11 katika soko la Badagara walikosa mnunuzi kabisa, samaki wao wakiwa karibu kuoza, na wakati huo huo katika masoko ya umbali wa kilomita 15 kulikuwa na wanunuzi 27 waliokosa samaki. Kati ya 1997 na 2001 simu za mkono ziliingia pwani ile. Wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa bado baharini: bei kwenu ni ngapi? Samaki wa kutupwa, ambao walikuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya mavuno, wakaisha. Faida ya mvuvi ikapanda kwa asilimia 8, na hata mama mnunuzi akapata nafuu, kwa maana bei ilishuka kwa asilimia 4. Hakukuwa na mfadhili wala semina. Watu waliona faida wakanunua simu wenyewe.

Nusu ya pili haisemwi sana. Watafiti wengine waliokwenda Kerala baadaye walikuta kwamba si kila mvuvi mwenye simu aliyekuwa huru kuchagua soko. Mwenye mashua ambaye amekopeshwa pesa za nyavu na injini na dalali, yule tunayemwita broka, anarudi kuuza kwa dalali huyo huyo, bei iwe nzuri ama mbaya. Simu inamwambia kuna bei bora kilomita 15 kutoka hapo. Deni linamwambia rudi hapa. Je, wakulima wetu wa mahindi na wa majani chai hawalijui jambo hili? Mtu aliyeuza mahindi yakiwa bado shambani hahitaji kujua bei ya leo ya Nairobi, itamuumiza moyo tu. Kikundi chenye watu kama hao kingeanza na mfuko wa kukopeshana, na habari za bei zifuate nyuma yake.

Tuseme kidogo juu ya serikali na makampuni. Januari 2000, katika wilaya ya Dhar, jimbo la Madhya Pradesh, ofisi ya wilaya ilianzisha Gyandoot, vibanda vya kompyuta ambapo mtu angepata bei za soko, nakala ya hati za shamba, au kupeleka malalamiko bila kufunga safari hadi makao makuu. Mwaka huo huo mradi ukapata tuzo huko Stockholm. Lakini waliokwenda kuukagua miaka michache baadaye walikuta umeme unakatika, laini hazishiki, na maskini wenyewe ni wachache sana wanaofika. Tuzo ilitangulia, kazi ikabaki nyuma. Sisi tumeona miradi ya namna hiyo hapa kwetu, na ninyi mnaijua kwa majina.

Jimbo hilo hilo, Juni 2000, kampuni ya ITC ilianza e-Choupal. Kampuni hii inatengeneza sigara, tena ni kubwa, na pia hununua mazao. Iliweka kompyuta nyumbani kwa mkulima mmoja anayeheshimiwa kijijini, naye akaapa mbele ya watu kwamba atawahudumia wote. Wakulima wa soya wakawa wanajua bei kabla ya kupakia mikokoteni. Zamani ukishafika kwenye mnada na mzigo huwezi kurudi nao, unapokea unachopewa, na mizani ni ya mwenyewe. Mpango huu uliwasaidia wengi, na uliendelea kwa sababu kampuni ilikuwa na faida ndani yake. Lakini tusisahau kwamba aliyetangaza bei ndiye pia aliyetaka kununua.

Ikiwa mtatuuliza ni mfano gani unaofanana zaidi na mifuko yetu, tutawajibu Kothmale, katika milima ya Sri Lanka. Pale kulikuwa na redio ndogo ya jamii tangu 1989. Mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa msaada wa UNESCO, redio hiyo iliunganishwa na intaneti. Hawakujaribu kumpa kila mtu kompyuta. Walianzisha kipindi ambacho msikilizaji analeta swali, mtangazaji anatafuta jibu kwenye intaneti, kisha analieleza hewani kwa lugha ya watu, akiwa na mtu wa eneo hilo anayelifahamu jambo lenyewe, kwa mfano daktari kama swali ni la ugonjwa. Kompyuta chache zikahudumia wote waliokuwa na redio, na swali la mama mmoja likawasaidia wenye shida kama yake ambao waliona haya kuuliza.

Jambo la lugha lisipite hivi hivi. Kule Machnoor, katika jimbo ambalo sasa linaitwa Telangana, akina mama wa Kidalit wanayo redio yao tangu 2008, Sangham Radio. Wanazungumza Kitelugu cha kijijini kwao, juu ya mtama wao, mbegu zao na nyimbo zao. Anayesikiliza hapotezi neno. Kwetu hapa, ukipewa kijitabu cha mbolea kwa Kiingereza cha maabara, unakifanyia nini? Unafungia chumvi.

Mtasema: hayo ni ya zamani, leo kila mtu ana simu mfukoni, kituo cha nini? Ni kweli, simu zimejaa. Lakini huko huko Asia ya Kusini, ripoti za miaka hii zinaonyesha kwamba wanawake wanaotumia intaneti ya simu ni pungufu kuliko wanaume kwa karibu theluthi moja. Simu iko nyumbani, lakini iko mfukoni mwa nani? Na aliyenayo, anaisoma kwa lugha gani, na anajuaje kama alichotumiwa ni kweli au ni uzushi? Hatua mia mbili za mwisho bado zipo. Zimehama tu kutoka ufukweni zikaingia ndani ya nyumba.

Kwa hiyo vikundi vinavyobishana, tunawaomba mabishano yenu yabadilike kidogo. Mmekuwa mkibishana juu ya bei ya kompyuta. Bishaneni juu ya nani atakaa nayo Jumanne saa nane mchana wakati kila mtu yuko shambani, na atalipwa nini. Bishaneni juu ya chumba: kama kitakuwa nyumbani kwa mwenyekiti, je, yule mama aliyegombana na mke wa mwenyekiti atabisha hodi? Ulizeni betri ya sola ikifa, pesa za nyingine zinatoka wapi. Kikundi kikipata majibu ya hayo, huenda kikagundua kwamba kinachohitajika ni simu moja nzuri, daftari, ubao wa kuandikia bei nje ya duka, na binti mmoja aliyemaliza shule anayeandika vizuri. Zitakazobaki zinaweza kutosha tangi.

Kabla ya mkutano wa mwezi ujao tuna kazi ndogo kwenu. Kila mwakilishi aende na daftari, na kwa wiki 2 aandike kila safari ambayo mwanakikundi aliifunga kwa ajili ya kutafuta habari tu: aliyekwenda kwa chifu akaambiwa rudi kesho, aliyekwenda zahanati akakuta dawa hazijafika, aliyepeleka mbuzi sokoni akakuta bei imeanguka. Andikeni nauli, andikeni na saa zilizopotea. Waulizeni hasa akina mama na wazee wasio na simu, na msiwaandikie majibu wenyewe. Daftari hizo mje nazo, tutazisoma pamoja hapa hapa, na chai itakuwepo.

 Sasa tunakaribisha maswali, na tungependa kuanza na akina mama.